Tumsaidie Apate Usingizi



Leo naanza kwa kukiri kosa. Mama mmoja wa kanisa letu ana mwana wa miaka 15 mwenye usonji. Kijana huyu alikuwa halali mpaka saa nane au saa tisa za usiku. Alizunguka nyumbani akifungua na kufunga milango, naye mama akikaa macho asije akatoka akaifikia barabara kuu ya Mombasa yenye malori. Tuliposikia habari hizi tulisema, "Mlete kwenye kesha tumwombee." Akamleta. Vipaza sauti vikalia, taa zikawaka, watu wengi wakamwekea mikono. Kijana akaziba masikio, akalia. Juma lililofuata hali yake ikazidi kuwa mbaya. Ndugu zangu, tulimwombea usingizi huku tukimnyima usingizi!

Usonji si pepo, si laana, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo unavyokua tangu mwanzo wa maisha. Daktari Leo Kanner aliandika habari zake kule Marekani mwaka 1943. Wengi wenye hali hii husikia sauti, mwanga au mguso wa nguo kwa ukali kuliko sisi.

Labda utauliza, mbona halali? Giza likiingia, mwili hutoa homoni iitwayo melatonini, nayo huuarifu mwili kwamba usiku umefika. Kwa vijana wengi wanaobaleghe, homoni hiyo huchelewa. Kwa baadhi ya wenye usonji huwa kidogo, au huja wakati usio wake. Basi kumchapa hakufai. Hakatai kulala, usingizi haujamjia.

Tufanye nini? Kwanza, aamshwe saa ile ile kila siku, hata Jumamosi, akae kwenye mwanga wa asubuhi na afanye kazi ya mwili mchana. Pili, jioni asinywe chai ya majani wala kahawa, na simu na televisheni zizimwe saa moja kabla ya kulala. Tatu, mambo ya jioni yafuatane kwa utaratibu mmoja: kula, kuoga, kuvaa, sala fupi, kitanda. Kama hasemi, mchoreeni picha za mambo hayo, zibandikwe ukutani. Nne, angalieni kitandani. Hapa Voi nyumba ya bati huweka joto hadi usiku. Pengine shuka inamkwaruza, au chandarua kinamsumbua.

Tena, mpelekeni hospitali. Jino bovu, kufunga choo au kifafa vyaweza kumwamsha, naye asiweze kueleza. Msimpe dawa ya mafua ili asinzie. Hata melatonini itolewe kwa shauri la daktari.

Mama yule alianza na picha ukutani na saa moja ya kuamka. Haikuwa kazi ya siku mbili. Baada ya majuma kadhaa kijana alianza kulala saa tano. Bado ziko siku mbaya, lakini si zote.

Mkumbuke nabii Eliya, katika 1 Wafalme sura ya 19. Alipochoka hata akatamani kufa, malaika hakumkemea. Alimpa chakula na maji, akamwacha alale tena. Maneno yalikuja baadaye.

Basi, wewe jirani, usimwulize mama huyo amekosa nini. Nenda Jumamosi mchana ukae na kijana saa mbili, mama naye alale. Nanyi mnaokesha kanisani, punguzeni vipaza sauti. Maombi ya kimya pia husikiwa.

Tuombe. Ee Bwana, uwape pumziko watoto wako wasiopata usingizi, na wale wanaokesha kwa ajili yao. Utufundishe kusaidia kabla ya kuhukumu. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.