Nimonia isiyoisha: huenda mtoto alizaliwa na kasoro ya pafu

Nimonia ikimrudia mtoto mahali palepale kifuani, tusiishie kwenye dawa. Baadhi ya watoto huzaliwa na sehemu ya pafu yenye vifuko vya hewa au majimaji. Sehemu hiyo haisaidii kupumua, na hushika maambukizi kwa urahisi. Si baridi, wala si kurogwa.

Wengine hugunduliwa wakiwa tumboni, kwa altrasaundi. Wengine baadaye, kwa picha ya kifua. Kwa hiyo, mzazi, tunza kila picha: ndiyo itakayomwonyesha daktari kwamba tatizo liko palepale.

Tiba mara nyingi ni kuiondoa sehemu hiyo. Badala ya kupasua kifua kati ya mbavu, daktari bingwa anaweza kutoboa matundu madogo machache, akapitisha kamera na vifaa vyembamba, akafanya kazi akitazama skrini. Maumivu hupungua, kovu huwa dogo. Ikishindikana, hupasua kwa njia ya kawaida.

Je, mtoto atapumuaje? Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Zinazobaki hutanuka na kujaza nafasi.

Mtoto akihema haraka, kifua kikibonyea au midomo ikiwa ya bluu, tusisubiri kesho: hospitali mara moja.