Haki Ambazo Paulo Hakuzidai Korintho (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, na hoja ya Wakristo wa Korintho waliojihesabu kuwa na maarifa: sanamu si kitu, basi kwa nini tusile? Paulo hakuwaambia hoja yao ni mbovu. Aliwataka wamtazame ndugu ambaye dhamiri yake bado haijatulia. Kisha, katika sura ya 9 ya waraka wa kwanza, akajitoa mwenyewe kuwa mfano, na hapo wasomaji wengi hupita mbio mno.

Sura hiyo inasomeka kama hati ya wakili. Askari haendi vitani kwa gharama zake. Mwenye shamba la mizabibu hula zabibu zake, na mchungaji hunywa maziwa ya kundi. Torati inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Wahudumu wa hekalu hula vya hekaluni. Kefa na mitume wengine wanasafiri na wake zao, na hakuna anayewanung'unikia. Tena Bwana mwenyewe aliagiza kwamba anayehubiri Injili apate riziki kwa Injili. Hoja juu ya hoja, mpaka msomaji anaanza kungojea bili. Bili haiji. Akiisha kuthibitisha haki zake hata asibaki wa kubisha, anasema hajatumia hata moja.

Sababu yake moja inaonekana ukiujua mji wenyewe. Warumi waliibomoa Korintho mwaka 146 KK, na mwaka 44 KK Julius Caesar akaamuru ianzishwe upya kama koloni la Kirumi. Wengi wa walowezi wake walikuwa watumwa walioachwa huru. Ulikuwa mji wa bandari mbili, wa fedha mpya na wa watu wanaotafuta jina. Karibu na jumba la maonyesho lipo hadi leo jiwe linalotangaza kwamba mtu aitwaye Erasto aliisakafu sehemu hiyo kwa fedha zake mwenyewe kwa sababu ya cheo alichopewa. Wataalamu bado wanabishana kama ndiye Erasto mtunza hazina anayetajwa mwishoni mwa waraka kwa Warumi. Kwa vyovyote, ukipita pale unajua nani alitoa. Sisi tuliozoea harambee za kusomewa majina na viwango kwenye kipaza sauti hatuna la kuwacheka Wakorintho.

Katika mji kama huo, mwalimu anayelishwa na tajiri huwa mtu wa tajiri huyo. Paulo akaona heri ashone mahema pamoja na Akila na Prisila, kazi ambayo wenye mali waliidharau: kutwa umeinamia kitambaa au ngozi, sindano mkononi. Lakini mtumwa aliyetumwa sokoni aliweza kusimama penye karakana akasikiliza, wakati katika ukumbi wa tajiri asingeingia ila kwa kubeba sahani. Wapo waliokasirika kwamba mtume amekataa fedha zao huku akipokea za Makedonia, kama waraka wa pili, sura ya 11, unavyodokeza.

Hapa naomba tusimame, maana fundisho hili limetumiwa vibaya sana. Kibarua anayedai mshahara wa miezi mitatu huambiwa na tajiri yake, mzee wa kanisa, asamehe. Mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake husomewa sura ya 6 ya waraka wa kwanza kwamba ndugu hawashtakiani. Huko ni kuugeuza waraka kichwa chini. Katika mahakama za Kirumi mtu duni aliweza kwa shida sana kumshtaki aliyemzidi cheo, kwa hiyo lawama ya Paulo inawaangukia hasa wenye uwezo wa kushtaki.

Sura ya 11 ya waraka huohuo, penye habari za Chakula cha Bwana, iko vivyo hivyo. Chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kilienea watu kama tisa juu ya makochi matatu. Wengine walikaa uani. Wenye nafasi walitangulia kula na kunywa hadi kulewa. Maskini, na yaelekea wengi wao walikuwa watu wasioweza kuacha kazi mapema, walibaki na njaa. Paulo hakuwahimiza wenye njaa wavumilie. Aliwaagiza walioshiba wangoje.

Ndiyo maana mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu ulimshughulisha miaka kadhaa. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: siku ya kwanza ya juma kila mtu aweke akiba nyumbani kwake kadiri ya mapato yake. Hakuna kiwango kilichopangwa. Anawataja Wamakedonia, waliotoa katika umaskini mkubwa, lakini hapohapo anasema hataki wengine wastarehe na Wakorintho wataabike. Anataka pawe na usawa, na analeta habari ya mana jangwani, ambako aliyeokota nyingi hakuzidiwa na aliyeokota chache hakupungukiwa. Fedha zenyewe hakutaka kuzishika peke yake. Wakorintho wachague watu wa kuzipeleka, naye yuko tayari kufuatana nao ikifaa.

Lakini Paulo huyohuyo, akiwa Filipi, alikataa kutoka gerezani kimyakimya baada ya kupigwa viboko bila kuhukumiwa. Yeye ni raia wa Rumi, alisema. Mahakimu waje wenyewe wamtoe. Nao wakaja. Kwa nini haki ile aliidai? Tutaanzia hapo wiki ijayo.