Tangi, Bomba na Bwawa: Huduma ya Majitaka kwa Mji Mdogo wa Nyololo

Mji mdogo unaokua kando ya barabara kuu hukutana na suala la majitaka mapema kuliko kijiji cha mashambani, kwa sababu nyumba husogeana, nyumba za wageni na migahawa huongezeka, na kila msafiri anayesimama kula au kulala huacha maji machafu ambayo hayana budi kwenda mahali fulani. Nyololo, katika Wilaya ya Mufindi mkoani Iringa, ni makazi ya aina hiyo: iko kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, kati ya Mafinga na Makambako, mahali inapochepuka njia ya kwenda Mgololo kwenye kiwanda cha karatasi, katika nchi ya misitu ya kupandwa na mashamba ya chai. Kama ilivyo kwa miji mingi midogo ya Tanzania, majitaka ya makazi hayo hayaondolewi na mtandao wa mabomba, bali huishia katika mashimo ya vyoo na, kwa nyumba zenye maji ya bomba ndani, katika matangi ya chini ya ardhi ambayo mafundi huyaita septiki, chemba au karo. Ni rahisi kudhani kwamba hali hiyo ni ya mpito tu, na kwamba siku moja bomba la mji litafika na matangi yatafukiwa. Lakini hesabu ya uhandisi haiungi mkono dhana hiyo, na wakazi wanaosubiri bomba huendelea kuishi bila huduma wanayostahili kupata sasa.

Tangi la septiki ni chombo kisichovuja kinachojengwa ardhini, kwa kawaida kikiwa na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua kama theluthi mbili za ujazo wote, ambamo majitaka hutulia kwa muda wa siku moja au mbili. Katika utulivu huo vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kufanya utando, na maji ya katikati hutoka kupitia bomba lenye umbo la herufi T, ambalo mdomo wake huwekwa chini ya utando ili usisombwe pamoja na maji. Bakteria wanaoishi pasipo hewa humeng'enya sehemu ya tope, lakini si lote: kila mtu huongeza takriban lita 30 hadi 40 kwa mwaka, hivyo familia ya watu sita yaweza kukusanya karibu lita 1,000 katika miaka minne. Kanuni hiyo ni ya zamani. Jean-Louis Mouras aliitumia mjini Vesoul, Ufaransa, katika miaka ya 1860 na kupata hataza mwaka 1881, na Donald Cameron akaiendeleza mjini Exeter, Uingereza, mwaka 1895.

Jambo ambalo wenye nyumba wengi hawaelezwi ni kwamba tangi peke yake halisafishi maji. Hupunguza uchafu unaooza kwa theluthi moja hadi nusu hivi, huku vijidudu vingi vya magonjwa vikipita na kutoka pamoja na maji. Kazi kubwa ya usafishaji hufanywa na udongo, kupitia shimo la kunyonya maji, yaani shimo lililojazwa mawe au kujengwa kwa tofali zenye nafasi, ambalo huyaachia maji polepole ardhini. Udongo mkavu kiasi, wenye hewa ndani yake, huwanasa na kuwaua bakteria wengi katika mita chache za kwanza. Udongo uliokwisha kujaa maji hauwezi kufanya hivyo, kwa kuwa maji machafu husafiri ndani yake haraka na kwa umbali mrefu zaidi. Ndiyo maana wataalamu hutaka kuwe na tabaka la udongo mkavu la mita mbili hivi kati ya kitako cha shimo na usawa wa maji ya ardhini, na umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Hata hivyo chumvi za naitreti hupita karibu zote, na kadiri mashimo yanavyokuwa mengi katika eneo dogo ndivyo chumvi hizo zinavyolimbikizana katika visima.

Kwa nyanda za juu za Mufindi masharti hayo yana uzito wa pekee. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, udongo mwekundu wa mfinyanzi hushiba maji, na mabondeni usawa wa maji hupanda hadi karibu na uso wa ardhi. Mabonde hayo ndiko waliko watu wa vinyungu, yaani bustani za mabondeni ambamo Wahehe na Wabena hulima mboga na mahindi wakati wa kiangazi kwa kutegemea unyevu wa ardhi, na ndiko zinakotoka chemchemi nyingi zinazolisha vijito vya bonde la mto Rufiji. Kwa hiyo shimo la mtu aliye juu ya mteremko ni jambo linalomhusu pia anayechota maji na kulima chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, lakini mita 60 za juu ya ardhi hazitoshi kama maji machafu yanapita chini yake katika udongo ulioshiba.

Tatizo huwa kubwa zaidi pale tangi linapokuwa tangi kwa jina tu. Katika sehemu nyingi za nchi, kinachoitwa septiki ni shimo lililojengwa kuta bila sakafu, kwa sababu sakafu ya zege huongeza gharama na pia hulifanya lijae upesi. Shimo la namna hiyo halitenganishi tope na maji, bali huvujisha vyote viwili, na mwenye nyumba hufurahi kwamba halijai kamwe bila kujua kwamba kutojaa huko ndiko kuvuja kwenyewe. Linapojaa hatimaye, na gari la kunyonya majitaka likawa mbali au ghali, baadhi ya watu husubiri mvua kubwa na kutapisha, yaani kutoboa shimo ili uchafu uchukuliwe na mafuriko. Wanaofanya hivyo hulaumiwa, na lawama hiyo ina haki yake, lakini haitoshi mahali ambapo hapajawahi kuwa na huduma nyingine. Kampeni kubwa za taifa, kuanzia Mtu ni Afya ya mwaka 1973 hadi Nyumba ni Choo ya miaka ya karibuni, zimefanya kazi njema ya kuwahimiza watu kujenga vyoo. Kinachofuata baada ya choo kujaa hakijapata msukumo wa namna hiyo.

Inafaa sasa kueleza kwa nini bomba la mji haliwezi kurefushwa tu mpaka Nyololo. Mtandao wa kawaida wa majitaka huendeshwa na mteremko: bomba lazima liiname kiasi cha kuyapa maji kasi ya kama mita 0.6 kwa sekunde, ambayo huitwa kasi ya kujisafisha kwa kuwa ndiyo inayozuia tope kutua ndani ya bomba. Kwa mwinamo mdogo wa mita moja katika kila mita 200, bomba hushuka mita 5 katika kila kilometa. Mji wa Iringa, ambao una mtandao na mabwawa ya kutibu majitaka, uko umbali wa zaidi ya kilometa 100. Hata bomba la kilometa 100 tu lingehitaji kushuka mita 500 bila kukatizwa, ilhali kati ya miji hiyo kuna vilima na mabonde yasiyohesabika, na kila bonde lingedai pampu, umeme wa uhakika na mlinzi. Zaidi ya hayo, kwa kasi iliyotajwa maji yangesafiri karibu saa 46, na majitaka yanayokaa muda huo bila hewa hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo hunuka, huhatarisha maisha ya mafundi wanaoingia kwenye chemba za ukaguzi, na hugeuka kuwa asidi inayokula zege. Hata Mafinga au Makambako, ambako ni karibu zaidi, kusingeondoa tatizo la mabonde wala la gharama, maana gharama ya mtandao huhesabiwa kwa mita za bomba na kugawanywa kwa kaya zinazounganishwa, na katika kilometa nyingi za msitu hakuna kaya za kuchangia.

Kuna sharti jingine ambalo halionekani kwa urahisi, nalo ni maji yenyewe. Bomba la kawaida la majitaka huziba pale watu wanapotumia maji kidogo, na kwa kawaida huhitaji angalau lita 50 hadi 60 kwa mtu kwa siku. Kaya inayochota maji kwa ndoo kwenye kituo cha jamii haifikii hata nusu ya kiasi hicho. Hali hii inabadilika katika ukanda huu, kwa kuwa Mradi wa Maji wa Miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India, unaigusa Mafinga na Makambako, na vijiji vya jirani navyo vinapata miradi yao kupitia Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019. Lakini katika nyumba yenye bomba ndani, takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia hutoka tena yakiwa machafu. Mradi wa maji usiopanga yanakokwenda maji hayo umefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki huangukia udongo wa mabondeni.

Suluhisho linalofaa zaidi kwa mji wa ukubwa wa Nyololo limo njiani, mbele ya Tunduma. Zambia, ilipokuwa bado ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, ilijenga mnamo mwaka 1960 mabomba membamba yaliyochukua maji kutoka kwenye matangi ya vyoo, baada ya tope kubaki tangini. Mtandao huo, uitwao mtandao wa maji yaliyotuama, hauhitaji kasi ya kujisafisha kwa kuwa hakuna yabisi ya kusukuma; bomba la milimita 75 au 100 hutosha, huchimbiwa kina kifupi, hufuata umbo la ardhi hata pale inapopanda kidogo, na halihitaji chemba kubwa za ukaguzi katika kila kona. Matangi yaliyopo hayatupwi, bali hukarabatiwa na kuwa sehemu ya kwanza ya mtambo. Hapo ndipo penye faida kubwa kwa Nyololo: fedha ambazo wenye nyumba walikwisha kuzika ardhini huendelea kufanya kazi. Brazil ilichukua njia tofauti kidogo katika miaka ya 1980, chini ya uongozi wa mhandisi José Carlos de Melo, kwa kupitisha mabomba ya kina kifupi uani na vibarazani badala ya katikati ya barabara, na wakazi wa Vingunguti jijini Dar es Salaam wameitumia njia hiyo kuunganisha nyumba zao na mabwawa yaliyo jirani. Njia ya Brazil huutaka mtaa uwe na nyumba nyingi zilizobanana. Ya Zambia hufaa zaidi palipo na matangi tayari.

Mwisho wa bomba hilo huwa bwawa. Mabwawa ya kutibu majitaka hupangwa kwa mfuatano: la kwanza lenye kina cha mita 2 hadi 5 lisilo na hewa, ambamo uchafu hutua na kuoza, la pili la mita 1 hadi 2, ambamo mwani hutoa oksijeni kwa msaada wa jua, na la mwisho lenye kina kifupi zaidi, ambamo mwanga wa jua huua vijidudu. Teknolojia hii haihitaji umeme na imefanyiwa utafiti mrefu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na ile ya ardhioevu ya kujengwa, yaani vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Vipimo vya Dar es Salaam, hata hivyo, havipaswi kunakiliwa Mufindi. Kasi ya kazi ya bakteria hupungua kadiri joto linavyoshuka, na kwa baridi ya Juni na Julai ya nyanda za juu bwawa lazima liwe kubwa zaidi, jambo ambalo lina maana ya ardhi zaidi.

Hata hivyo bomba jembamba haliondoi haja ya kunyonya tope, bali huiongeza, kwa sababu tangi lisilonyonywa kwa wakati hupeleka yabisi bombani na kuliziba; mitandao mingi ya aina hii iliyoshindwa duniani ilishindwa kwa sababu hiyo, au kwa sababu ya nyumba zilizojiunganisha bila tangi. Ndiyo maana hatua ya kwanza kwa Nyololo ni ratiba ya kunyonya matangi. Kaya inayoita gari peke yake hulipia safari nzima kutoka mjini, lakini gari likija kwa siku zilizopangwa na kuhudumia nyumba zilizo jirani kwa mfuatano, gharama ya mafuta hugawanyika, na malipo yaweza kukatwa kidogo kidogo pamoja na ankara ya maji. Malaysia iliendesha utaratibu wa namna hiyo kwa miaka mingi. Topekinyesi linalokusanywa, ambalo zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, hukaushwa kwenye vitanda vya mchanga, na baada ya kuhifadhiwa muda wa kutosha huweza kurutubisha miti ya misonobari na mikaratusi, ambayo Mufindi inayo kwa wingi. Lisitumike kwenye mboga, kwa kuwa mayai ya minyoo ya tumbo aina ya askaris huweza kubaki hai kwa mwaka mmoja na zaidi.

Kwa utaratibu huo Nyololo, Mafinga na Makambako zaweza kutumia kwa pamoja gari na kituo cha kutibu tope, huku mtandao mwembamba ukijengwa baadaye katika sehemu ya njiapanda tu, palipo na msongamano, na nyumba za mbali zikiendelea na matangi yake kwa heshima ileile ya huduma. Mwenye nyumba anayejenga leo aweke sakafu ya zege katika tangi lake, aache mfuniko unaofikika na njia ya gari kulifikia. Halmashauri ya Wilaya na RUWASA, kwa upande wao, watenge sasa kiwanja cha mabwawa na vitanda vya kukaushia, chini ya makazi na mbali na vinyungu, wakati ardhi ya kufaa bado ipo na bado ni nafuu.