Fahamu: Makaa ya kufukia shambani yanaondoaje hewa ukaa?
Karibu na Voi, kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi, mradi wa Kasigau ulipata mwaka 2011 hati za kaboni kwa kulinda msitu usikatwe. Kulinda msitu hasa huzuia hewa ukaa mpya. Kuiondoa iliyokwisha kupanda ni kazi nyingine, na mkulima anaweza kuijaribu nyumbani. Choma mabua makavu ya mahindi kwenye pipa lenye hewa kidogo, yazime kwa maji kabla hayajawa majivu, yaponde, yachanganye na samadi. Mabua yakioza, kaboni hurudi hewani upesi; yakiwa makaa, sehemu kubwa ya kaboni iliyobaki ndani yake hukaa udongoni kwa karne. Wazo hili ni zuri kweli, mradi usikatwe mgunga hata mmoja kwa ajili yake.