«Fire in the hole»: si moto wa kuzima

Hapa Salamabila Kiswahili kinatosha: sokoni, nyumbani, mpaka ndani ya shimo. Kifaransa ni cha shule na ofisi. Kiingereza kimetufikia pamoja na kompani. Banro, ya Kanada, ilianza uzalishaji wa kibiashara pale Namoya mwaka 2016, ikasimamisha kazi 2019. Kompani zinakuja na kuondoka, lakini kijana anayetafuta kazi kwenye mashine bado anakutana na lugha hiyo. Wengi wanafungua kamusi na kutafsiri neno moja moja. Hapo ndipo shida inaanzia.

Tuchukue neno «fire». Kamusi inasema ni moto. Lakini mbele ya baruti kulipuka, watu wa mgodi wanapiga kelele: «Fire in the hole!» Mwenye kutafsiri atasikia «moto ndani ya shimo», na pengine atakimbia huko na ndoo ya maji. Kumbe anaambiwa: baruti inalipuka sasa hivi, kaa mbali! Neno hilo hilo, shefu akisema «you're fired», pia hakuna moto: umefukuzwa kazi. Na akikuambia kwa upole «we have to let you go», usishukuru ukifikiri umepewa ruhusa ya kurudi nyumbani mapema. Kazi yako imeisha. Habari njema ni «we knock off at five». Hakuna wa kugonga kitu; munamaliza kazi saa kumi na moja jioni.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi tunapiga simu bila fimbo, na tunakula hasara bila kushiba. Mgeni akivunja maneno yetu vipande vipande, atapotea vilevile.

Lakini mchimbaji ana bahati moja: misemo mingine ya Kiingereza ilizaliwa mgodini. «Pan» ni karai la kusafishia mchanga. Wachimbaji wa dhahabu wa Marekani, karne ya 19, walisafisha na kuangalia kama kitu kimebaki chini. Leo mtu akisema mpango wake «did not pan out», maana yake haukutoa kitu. Mama anayesafisha mchanga hapa kwetu ataelewa bila mwalimu. Nchini Uingereza, mpaka mwaka 1986, walishuka na ndege mdogo, «canary», ndani ya migodi ya makaa ya mawe. Hewa ya sumu ilimwangusha yeye kwanza, watu wakakimbia. Ndiyo maana leo «canary in the coal mine» ni alama ya kwanza ya hatari.

Basi, shika msemo mzima, kama unavyoshika jina la mtu. Uandike kwenye daftari pamoja na mahali uliposikia: nani amesema, kwa kazi gani. Na kama hujaelewa, usitingishe kichwa tu. Uliza: «What do you mean?» Shefu akikasirika, hasira itapita. Baruti haingojei ufungue kamusi.