Fahamu: Maana ya Themanini kwa Moja katika Mbio za Farasi

Mwezi Mei 2022, katika mbio za Kentucky Derby zifanyikazo Louisville, Marekani, farasi aitwaye Rich Strike, ambaye aliingizwa katika orodha siku moja tu kabla ya mashindano baada ya mwenzake kuondolewa, aliwapita wote hali kadirio lake lilikuwa themanini kwa moja, na wasiojua istilahi za kamari wakabaki wakiuliza maana yake.

Maana yake ni kwamba kila dola moja ya dau huzaa faida ya dola 80 hivi, mbali na dau lenyewe. Aliyeweka dola 2 alipokea dola 163.60. Wala tusidhani kwamba hesabu hiyo hutokana na hekima ya wajuzi wa farasi: kwa utaratibu ulioasisiwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, madau yote hukusanywa fungu moja, wasimamizi na serikali wakakata sehemu yao kwanza (wao hawakosi kamwe), kisha baki hugawiwa walioshinda; ndiyo maana farasi asiyetumainiwa hulipa mno, na kipenzi cha umati huleta senti chache. Kadirio, basi, hufanywa na wacheza kamari wenyewe, nalo hubadilika hadi milango ifunguliwe.

Mwenye hofu aweza kubashiri nafasi, yaani farasi wake awe wa kwanza au wa pili, na malipo hupungua kwa kadiri ya usalama huo.