Matope ya Ziwa Kivu: Shahidi Asiyehongeka

Ndugu askari, ye yote miongoni mwenu aliyewahi kupeleleza jinai anajua thamani ya udongo ulioganda katika soli ya kiatu. Mshukiwa aweza kukana kuwa alifika mahali fulani. Lakini udongo wa mahali hapo ukionekana katika kiatu chake, maneno yake hupungua uzito. Shahidi wa kibinadamu husahau, huogopa, na pengine huhongwa. Udongo hauna hayo.

Wataalamu wa miamba nao ni wapelelezi wa namna hiyo, ila wao huchunguza mambo yaliyotukia kabla mwanadamu hajajua kuandika. Faili lao ni mashapo, yaani matope yanayotua chini ya bahari na maziwa, tabaka juu ya tabaka, la kale likiwa chini na la jana likiwa juu. Huzamisha bomba refu, wakachomoa mche wa matope, wakausoma kama daftari.

Kazi hii imefanywa hata katika Bahari ya Aktiki. Mwaka 2004 meli tatu zenye uwezo wa kuvunja barafu zilikwenda karibu na Ncha ya Kaskazini, na sakafu ya bahari ikatobolewa kwa zaidi ya mita 400. Ndani ya matope laini zilipatikana punje nzito za mawe. Nani alizifikisha huko, mbali na nchi kavu? Ni barafu. Barafu ya nchi kavu hukwangua miamba, mapande yake humeguka na kuelea baharini, kisha huyeyuka na kuangusha mzigo wake. Kwa ushahidi huo ilijulikana kwamba barafu ilikuwako huko tangu miaka milioni 45 hivi iliyopita. Na aina ya punje hutaja nyumbani kwake: punje za dolomiti, kwa mfano, huelekeza kidole kwenye visiwa vya kaskazini mwa Kanada.

Msomaji asidhani kwamba habari za barafu ni za wageni tu. Katika milima ya Rwenzori, upande wa Uganda, mtaalamu wa Kimarekani Daniel Livingstone (si yule msafiri wa zamani) alitoboa matope ya Ziwa Mahoma, akatangaza matokeo yake mwaka 1962. Matope hayo yalishuhudia kwamba barafu kubwa, iliyokuwa imeteremka hadi hapo, ilikwisha kurudi nyuma karibu miaka 15,000 iliyopita.

Sasa tutazame Kivu, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka hapa Kigali. Ziwa hili lina kina cha mita 485. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Egon Degens na wenzake wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani walitoa matope yake na kuyachunguza. Kazi hiyo, pamoja na nyingine zilizofuata, imeonyesha kwamba zama za barafu kuu zilipokuwa zikikaribia mwisho, nchi yetu ilikuwa kavu na maji ya Kivu yalikuwa chini mno kuliko leo. Zamani ziwa lilimwaga maji yake kaskazini. Volkano za Virunga zikaifunga njia hiyo. Maji yakapanda, na miaka 10,000 na ushei iliyopita yakafurika kusini kwa mto Rusizi hadi Tanganyika.

Lakini lipo la karibu zaidi. Mwaka 2010 Natacha Pasche na wenzake walieleza kwamba chembe za chokaa zilianza kutua chini ya Kivu ghafla katika miaka ya 1960. Wakataja washukiwa watatu: samaki sambaza, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wingi wa watu na mashamba kandokando ya ziwa, na mvua iliyozidisha nguvu za chemchemi za chini ya maji. Maana yake ni kwamba ziwa laweza kubadilika katika umri wa mtu mmoja.

Kwa nini tunawasimulia ninyi? Kwa sababu chini ya maji hayo zimelala kiasi cha kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni, na 60 za methani. Methani hiyo ni neema: kituo cha KivuWatt, Karongi, huzalisha megawati 26 za umeme. Lakini tarehe 21 Agosti 1986 gesi ya kaboni ilitoka katika Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700. Wapo wataalamu wanaosoma katika baadhi ya tabaka za Kivu dalili kwamba nalo liliwahi kuchafuka. Wengine bado wanabishana nao.

Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka wakaingia Rubavu. Siku kama hiyo, wa kwanza kuitwa ni askari na polisi. Basi anayelinda ziwa usiku, na maji yametulia kama kioo, na akumbuke neno la wahenga: kimya kikuu kina mshindo mkuu. Wenye mabomba na darubini wanapokuja kuchota matope, tuwape ulinzi na msaada. Wanachukua maelezo ya shahidi aliyekuwako tangu mwanzo.